Kukadiria idadi ya makako msituni na maeneo wanayozunguka: mwongozo kamili kwa timu ndogo za Kivu Kusini

Makako, yaani kima, mbega na jamaa zao, hawasimami zizini kama ng'ombe wa Walungu wakingoja kuhesabiwa. Unawasikia juu ya mteremko, ukifika wameshahamia bondeni, na mara nyingi wao ndio waliokuona kwanza. Kwa hiyo hakuna anayehesabu makako wote wa msitu. Mtafiti huhesabu sehemu ndogo kwa utaratibu mkali, halafu anakadiria waliobaki.

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa Bukavu, walinzi wa misitu na vikundi vya vijijini wenye dira, GPS moja au mbili na pesa zisizotosha. Mifano ni ya msitu wa juu wa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, ule unaoufikia kwa barabara ya mji mdogo wa Miti, lakini mbinu ni zilezile hata kwenye msitu wa Itombwe.

Anza na swali, si na viatu

Kuna maswali matatu, na kila moja lina gharama yake. La kwanza: aina fulani ipo hapa au haipo? La pili: wanaongezeka au wanapungua? La tatu: wako wangapi kwa kilomita ya mraba? Wengi hurukia la tatu kwa sababu linapendeza kwenye jalada la mémoire (tasnifu ya chuo). Ushauri wangu ni kwamba timu ndogo yenye miezi miwili ijibu la pili vizuri, na iache la tatu kwa mwenye muda na watu. Utaona sababu tukifika kwenye hesabu.

Idadi isiyo na maelezo ya jinsi ilivyopatikana inaweza kupotosha nchi nzima. Tazama sokwe wakubwa wa mashariki, wale tunaowaita ngagi. Katika miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa 16,900. Mwaka 2016 kadirio likashuka hadi 3,800. Mwaka 2021 likapanda hadi 6,800. Hakuna ngagi anayezaa kwa kasi hiyo. Kilichobadilika kati ya 2016 na 2021 ni kwamba takwimu zilipatikana kutoka maeneo ambayo mwanzoni hayakufikiwa, na njia ya kukokotoa ikaboreshwa. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ina kilomita za mraba 6,000 hivi, na sehemu ya juu ni kama 600 tu. Aliyetembea sehemu ya juu peke yake asiandike "makako wa Kahuzi-Biega". Aandike jina la eneo alilokanyaga.

Ruhusa, afya na watu

Ndani ya hifadhi huingii bila ruhusa ya ICCN, taasisi ya serikali ya Kongo inayosimamia hifadhi, na bila walinzi. Makao makuu yako Tshivanga, na huko ndiko mtakakoambiwa ni sekta gani inaingilika mwezi huu na ipi haiingiliki. Sekta isiyo salama iondoeni kwenye ramani ya utafiti kabla ya kuchora chochote. Msiikadirie kwa kubahatisha kwamba inafanana na nyingine, maana penye bunduki nyingi makako huwa wachache na waoga zaidi.

Mwenye homa, kikohozi au vipele abaki nyumbani. Mpox ilisumbua Kamituga kuanzia 2023, na magonjwa haya hupita kati ya watu na wanyama pande zote mbili. Mkikuta mzoga wa makako, pigeni picha kutoka mbali, chukueni alama ya GPS, toeni taarifa. Msiuguse.

Tafuteni wafuata nyayo wawili wa vijiji vya pembeni, wakiwemo Watwa wanaoujua msitu huu kuliko sisi wenye vyeti, na walipwe sawa na kazi yao. Kabla ya kuanza, kaeni pamoja na picha za kila aina mkubaliane majina. Mshi, Mrega na Mtwa kila mmoja ana jina lake kwa mnyama yuleyule, kwa hiyo kwenye karatasi andikeni jina la kisayansi tu. Kwa Kahuzi mtahitaji angalau kima wa kawaida (Cercopithecus mitis), kima mwenye mkia mwekundu (C. ascanius), yule mwenye uso wa bundi (C. hamlyni), kima wa L'Hoest mwenye ndevu nyeupe (Allochrocebus lhoesti) na mbega wa Angola (Colobus angolensis).

Mistari ya kutembea

Njia iliyozoeleka zaidi ni transekti: mistari iliyonyooka unayoitembea polepole ukiandika kila kundi unaloliona na umbali wake kutoka kwenye mstari. Mistari haifuati njia za watu, wala barabara, wala ukingo wa mlima unaopitika kirahisi. Makako wa kando ya njia si sawa na wa ndani. Wengine huikimbia njia, wengine huipenda kwa sababu ya matunda ya pembezoni. Chukueni ramani ndani ya QGIS, ambayo ni programu ya bure, wekeni gridi, mwanzo wa gridi upatikane kwa bahati nasibu, kisha mistari ielekee upande mmoja, ikikata mito na miteremko badala ya kwenda sambamba nayo.

Mistari mingi mifupi ni bora kuliko michache mirefu. Lengeni 12 hadi 20. Kurudia mstari mmoja mara 10 kunaongeza idadi ya makundi mtakayoyaona, lakini hakuufanyi kuwa mistari 10: bado ni kipande kilekile cha msitu. Wengi hukosea hapa, wakaripoti uhakika ambao hawana.

Panga itumike kidogo, kiasi cha mtu kupenya bila kelele. Mkifyeka sana mnatengeneza barabara ya wawindaji. Baada ya kukata, acheni mstari upumzike siku kadhaa kabla ya kuhesabu. Fungeni utepe kila mita 50.

Sasa, urefu wa mstari. Milima yetu ni mikali, na uzi wa kupimia hufuata ardhi. Kwenye mteremko wa digrii 30, mita 100 za uzi ni mita 87 tu kwenye ramani. Ukitumia urefu wa uzi, eneo lako linakuwa kubwa kuliko lilivyo na idadi inashuka bila sababu. Kwa hiyo urefu wa mwisho upimwe kwa GPS au kwenye ramani. GPS nayo huyumba chini ya majani mazito, hivyo chukueni nukta ya wastani kwenye kila utepe, msitegemee ule mchoro inaouchora yenyewe mkitembea.

Asubuhi ya kuhesabu

Anzeni kati ya saa 12 na nusu na saa moja, mmalize kabla ya saa tano, wakati makako wanakula na kusogea. Mwendo ni kilomita moja kwa saa, mkisimama dakika moja kila mita 100 kusikiliza. Watu wawili au watatu, si zaidi: mmoja anatazama mbele, mmoja juu na pembeni, mmoja anaandika. Hakuna mazungumzo, simu zimezimwa. Ukungu wa asubuhi wa Kahuzi ukiwa mzito kiasi kwamba hamwoni mti wa mita 40, subirini. Mvua ikinyesha, simamisheni na muandike saa.

Mkiona kundi, kila mmoja asimame alipo. Andikeni saa, mahali kwenye mstari, aina, mmegundua kwa nini (sauti, tawi linalotikisika, mnyama mwenyewe), wanyama wanaoonekana, na umbali. Kima wa kawaida na mwenye mkia mwekundu hupenda kutembea pamoja, na hapo andikeni makundi mawili, si moja. Msizidishe dakika 10 kwa kundi, kisha endeleeni. Mkirudi kwa mstari uleule msihesabu.

Safu moja ya karatasi iwe ya alama za watu: mitego, maganda ya risasi, kambi, tanuri za makaa. Bila safu hiyo hamtaweza kueleza kwa nini mstari mmoja una makundi matano na mwingine hauna hata moja.

Umbali: hapa ndipo idadi inapoharibika

Kinachotakiwa ni umbali mfupi kabisa kutoka kwenye mstari hadi kwa wanyama, yaani ule unaokutana na mstari kwa pembe mraba. Hamhitaji kwenda hadi pale na kuwafukuza. Pimeni kwa telemeta ya leza (kifaa kinachopima umbali kwa mwanga) kutoka mliposimama hadi kwenye shina la mti walimo, si hadi juu ya matawi, kisha pimeni kwa dira pembe kati ya mstari na mti huo. Umbali huo mfupi ni umbali mliopima mara sine ya pembe. Tuseme mti uko mita 50 na pembe ni digrii 40: 50 × 0.643 = mita 32. Msiandike makisio ya macho. Bila kupima, kila mtu huona 10, 20, 30 na 50, na grafu inakuwa ngazi.

Lakini kundi si nukta. Kima 18 wanaweza kusambaa mita 60. Upime hadi wapi? Wengine hupima hadi kwa mnyama wa kwanza kuonekana, kwa kuwa ni rahisi. Shida ni kwamba wa kwanza kuonekana kwa kawaida ndiye aliye karibu, kwa hiyo umbali wote unafupishwa na msitu unaonekana kujaa. Naona njia salama ni kupima hadi katikati ya wale mnaowaona, na kuandika pia umbali wa mnyama wa kwanza kwenye safu ya pembeni, ili atakayekuja baadaye aweze kulinganisha na tafiti za zamani.

Tazama tofauti kwa mfano wa kubuni. Mistari 12 ya kilomita 3, kila mmoja umetembewa mara 10, jumla kilomita 360. Mmeona makundi 72 ya kima. Programu ya kukokotoa, tutakayoifikia hapa chini, inawaambia kwamba kwa ufanisi mliona mita 40 kila upande, yaani ni kama mliona kila kundi ndani ya upana huo na hamkuona lolote nje yake. Hesabu ni makundi gawanya kwa eneo: 72 ÷ (2 × 0.04 × 360) = makundi 2.5 kwa kilomita ya mraba. Kila kundi lina wastani wa wanyama 18, basi ni kima 45 kwa kilomita ya mraba. Kwenye eneo la kilomita za mraba 20 ni kima 900.

Sasa pimeni hadi kwa mnyama wa kwanza, na zile mita 40 ziwe 30. 72 ÷ (2 × 0.03 × 360) = makundi 3.33, kima 60 kwa kilomita ya mraba, jumla 1,200. Kima 300 wamezaliwa na namna ya kupima tu.

Kukokotoa

Programu ya Distance, iliyotoka Chuo Kikuu cha St Andrews huko Scotland, inapatikana bure, na kazi hiyohiyo hufanyika ndani ya R, programu nyingine ya takwimu. Kabla ya kubonyeza chochote, choreni grafu ya idadi ya makundi kwa kila umbali. Inatakiwa iwe juu karibu na mstari, ikae hivyo kidogo, kisha ishuke taratibu. Mkikuta shimo karibu na sifuri na nundu kwenye mita 25, maana yake makako walikimbia kabla hamjawaona. Programu haitaponya hilo. Tembeeni kwa utulivu zaidi, au kubalini kwamba wanyama hawa wanawindwa mno kiasi kwamba mbinu hii haiwafai. Mlima mkubwa kwenye sifuri unaonyesha kwamba mwandishi alikuwa anaandika "juu ya mstari" kwa uvivu. Ondoeni asilimia 5 hadi 10 ya umbali mrefu zaidi, kisha mjaribu mikunjo miwili au mitatu mwone upi unalingana na grafu.

Njia hii inasimama juu ya masharti matatu: wanyama walio juu kabisa ya mstari wote wanaonekana, wanaandikwa pale walipokuwa kabla ya kusogea, na umbali umepimwa sawasawa. Inataka pia makundi 60 hadi 80 kwa kila aina. Chini ya 40 msijaribu.

Rudini kwenye mfano. Kilomita 360, kwa kilomita 3 kila asubuhi, ni asubuhi 120 kwa timu moja. Na baada ya jasho lote hilo, tuseme kosa la kadirio ni asilimia 20, ambalo linahesabiwa kuwa zuri: kwa uhakika wa asilimia 95, kima 45 wanakuwa "kati ya 30 na 66". Eneo lenu lina kima 600 au 1,320, chagueni. Mwaka ujao wakipungua kwa robo moja, utafiti huu hautaweza kuthibitisha.

Ndiyo maana kwa timu ndogo napendelea kiwango cha kukutana: makundi kwa kila kilomita iliyotembewa. Katika mfano wetu ni 72 ÷ 360 = 0.2. Hakikwambii wako wangapi, lakini ukikirudia kila mwaka kwenye mistari ileile, mwezi uleule, saa zilezile na watu waliofundishwa kwa namna moja, kinaonyesha mwelekeo. Hatari yake ni kwamba chochote kinachobadilisha kuonekana hukibadilisha pia: kiangazi cha Juni hadi Agosti dhidi ya mvua, mwangalizi mpya mwenye macho makali, makako waliojifunza kunyamaza baada ya kupigwa risasi. Andikeni umbali hata kama hamtautumia, ili mwenye swali aweze kuangalia.

Kupata ukubwa wa kundi

Wanyama mnaowaona kutoka kwenye mstari kwa dakika 10 ni wachache kuliko waliopo. Kwa hiyo ukubwa wa kundi utafutwe kando, siku nyingine. Fuateni kundi hadi lifike penye uwazi, kijito au barabara, mkae mbali, muwahesabu wakiruka mmoja baada ya mwingine. Hesabu nzuri ni ile iliyorudiwa kwa kundi lilelile na kutoa jibu moja. Msichukue wastani wa vitabu vya nchi nyingine. Mbega wa Angola ni onyo la kutosha: sehemu nyingi huishi makundi madogo, lakini hapo ng'ambo ya Ruzizi, kwenye msitu wa Nyungwe, wameonekana wakitembea zaidi ya 300 pamoja.

Wale ambao mstari hauwaoni

Kima mwenye uso wa bundi hujificha kwenye mianzi na hutembea sana chini. Wa L'Hoest naye ni wa ardhini na huondoka kimya. Kwa hawa wekeni kamera zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, juu ya gridi na si kwenye njia za wanyama, kimo cha goti, kwa mwezi mmoja au zaidi kila mahali. Fyekeni majani machache tu mbele ya lenzi, la sivyo mtarudi na picha elfu za jani linalopepea. Matokeo rahisi ni idadi ya matukio kwa siku 100 za kamera. Picha zilizofuatana ndani ya nusu saa zihesabiwe tukio moja.

Kwa mbega, tumieni masikio. Madume hunguruma alfajiri, na sauti husafiri mbali. Watu watatu wanakaa vituo vitatu vilivyoachana mita 400 hadi 500, saa zao zimelinganishwa, kuanzia kabla ya mapambazuko. Kila mngurumo, kila mmoja anaandika dakika, mwelekeo wa dira na kama ni karibu au mbali. Jioni mnachora mistari ya dira kwenye ramani, na inapokatana ndipo kundi lilipokuwa. Mistari inayokatana kwa pembe nyembamba sana itupeni. Idadi mtakayopata ni ya madume wanaonguruma, basi thibitisheni mchana kwa kutembelea baadhi ya nukta hizo.

Eneo analozunguka kundi

Kwa hili hakuna mkato. Chagueni kundi moja au mawili yanayoweza kutambulika, labda jike mwenye mkia uliokatika au dume mwenye jicho bovu, kisha myazoeze watu kwa subira. Hata hivyo, msizoeze makako mahali penye wawindaji. Mnamfundisha mnyama kutomkimbia atakayemuua.

Fuateni kutoka mti wa kulala hadi mti wa kulala, siku kadhaa kila mwezi, mkichukua nukta ya GPS katikati ya kundi kila dakika 30. Wekeni juu ya ramani miraba ya mita 100 kwa 100, kila mmoja ni hekta moja, muhesabu miraba iliyoguswa. Choreni pia jinsi miraba mipya inavyoongezeka siku hadi siku. Mradi bado inapanda, eneo halijajulikana. Mwaka mzima ndio kipimo, kwa kuwa matunda huhama na machipukizi ya mianzi hufuata mvua.

Njia ya kuunganisha nukta za nje kwa uzi mmoja ni nyepesi, lakini humeza mashamba na vilele ambavyo kundi halijawahi kukanyaga. Miraba husema kweli zaidi.

Eneo hili linatoa pia ukaguzi wa ile idadi ya transekti. Tuseme kundi la kima 18 linatumia hekta 60, na 20 kati yake linashiriki na jirani mmoja. Mpe nusu ya hizo: 40 + 10 = hekta 50, au kilomita ya mraba 0.5. 18 ÷ 0.5 = kima 36 kwa kilomita ya mraba. Transekti ilisema 45, kati ya 30 na 66. Majibu mawili yanaelewana. Kama eneo lingetoa 15, ningerudi kukagua umbali kwanza, kabla ya kulaumu makako.

Karatasi za mwisho

Katika ripoti, kila idadi iambatane na kilomita zilizotembewa, idadi ya mistari, miezi, namna ya kupima umbali, na kadirio la chini na la juu. Weka ramani ya mistari yenyewe, lakini miti ya kulala na nukta kamili za makundi ziondolewe kwenye nakala ya hadharani. Zibaki kwa ICCN. Karatasi za msituni andikeni kwa kalamu ya risasi, maana wino huyeyuka na mvua. Zipigwe picha jioni ileile, na faili moja likae nje ya kompyuta ya mwenye mémoire. Nakala fupi ya Kiswahili ipelekwe kwa wafuata nyayo na kwa chifu wa kijiji mlikolala, isomwe kwa sauti, na kama kuna jina la bonde mlilokosea watalisahihisha hapohapo.